Kicheko cha Ofisini
Mchezo wa Yes Minister, ulioanza kuonyeshwa na BBC mwaka 1980, una somo ambalo kamusi haliwezi. Katibu Mkuu, Sir Humphrey, akiusifu uamuzi wa Waziri Hacker kuwa “courageous”, yaani wa kishujaa, Waziri hushikwa na hofu: katika ofisi ile sifa hiyo ni onyo la kushindwa uchaguzi. Mwanafunzi wa Sindo, mwenye Kijaluo au Kisuba kinywani, akiutazama atacheka, na kwa kucheka atazishika maana mbili za neno moja. Sarufi, hata hivyo, asiitafute kwa Humphrey. Sentensi zake ndefu zimefumwa makusudi ili Waziri asielewe. Kijana akiziiga katika barua ya kuomba kazi, ombi lake halitaonekana.