Sanamu ya Askari na Picha Zake

Kila mtu wa Mamba aendaye Dar es Salaam hurudi na picha ya sanamu ya Askari. Huenda hakupata nafasi ya kuingia Kanisa la Mtakatifu Yosefu, huenda bahari aliiona kwa mbali tu, lakini picha ya Askari atakuwa nayo. Nasi tumezitazama picha hizo katika nyumba za walimu na za makatekista, na katika nyumba nyingi za kijiji, tukaona kwamba zote ni picha moja. Mpigaji amesimama mbele, ameinua kamera. Askari aonekana mzima, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini, na nyuma yake ni mbingu. Mara nyingi ndugu au rafiki amesimama chini akicheka, ili ijulikane kwamba amefika. Hatuzilaumu picha hizo. Picha ya kusema kwamba mtu amefika ina kazi yake, wala haidaiwi kusema zaidi.

Lakini hivi karibuni kijana mmoja aliyesoma hapa kwetu, ambaye sasa yuko Dar es Salaam kwa kazi, alituletea picha tatu za sanamu hiyo hiyo. Alituomba tuzipime kama tulivyokuwa tukizipima insha zake zamani, bila kumhurumia. Picha ya tatu ilileta ugomvi barazani, na kwa sababu ya ugomvi huo tumeona vema kuandika maneno haya. Maana jambo lenyewe si la kamera tu, ni la watu wetu waliokufa.

Kwanza yafaa msomaji aijue sanamu yenyewe. Ilifunuliwa mwaka 1927, nayo iko katikati ya mzunguko wa magari, pale zinapokutana njia ziitwazo leo Samora na Azikiwe. Aliyeichonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na shaba yake ilisubiwa huko Uingereza kisha ikaletwa kwa meli. Kabla ya hapo, zamani za Wadachi, mji ulikuwa na sanamu nyingine ya shaba, ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa Gavana. Mkubwa huyo alisimama juu akitazama mbali, na chini ya miguu yake aliwekwa askari Mwafrika, ameinua macho kumtazama bwana wake. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliiondoa. Baadaye ilisimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu, mwaka 1922, ikakaa huko mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Basi katika muda wa miaka kumi na mmoja tu, askari aliyekuwa chini alipandishwa juu. Hilo si jambo dogo. Katika miji mingi ya dunia mtu akiinua macho huona mfalme, au jemadari juu ya farasi. Dar es Salaam huona askari asiye na jina.

Chini ya askari huyo yako maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mwandishi wa Kiingereza aliyesifiwa sana katika zama zake. Wengi wapigao picha hawayasomi, na picha zao huyakata. Nayo hayamtaji askari peke yake. Yawataja pia wapagazi, na kusema kwamba hao ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mkristo aliyesikia mafundisho ya Mtume Paulo kwa Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, ambamo mkono hauwezi kuudharau mguu, hawezi kuyapita maneno hayo hivi hivi. Basi maandishi yasema habari za watu wengi, na sanamu iliyo juu yaonyesha mtu mmoja. Hapo ndipo mpiga picha anapopata kazi ya kufanya.

Sasa tuzitazame picha tatu za kijana wetu.

Ya kwanza ni ile ya desturi, nayo ameipiga vizuri. Alikwenda asubuhi, jua likitoka upande wa bahari, hata uso wa askari waonekana. Wapigao saa sita hupata kofia na giza chini ya kofia, kwa kuwa shaba ni nyeusi na jua liko utosini. Kwa uvumilivu huo twamsifu.

Ya pili aliipiga akiwa amejilaza karibu na ardhi, ubavuni mwa sanamu, kamera ikitazama juu. Hapo askari amekuwa mrefu kuliko maghorofa, na singe yake ni kana kwamba yachoma jengo lililo ng'ambo ya njia. Kijana aliipenda kuliko zote, kwa kuwa hakuna mtu wa Mamba aliyepata kumwona Askari hivyo. Sisi hatukuipenda. Ni kweli kwamba ni ngeni, lakini ugeni wake huishia machoni. Tulimwuliza: Kwa kulala chini umejua nini ambacho hukukijua ulipokuwa umesimama? Akafikiri, asipate jibu. Kitu kikitazamwa kutoka chini huonekana kirefu, na hilo hata mtoto aliyekaa chini ya mbuyu alijua. Tena picha hiyo ina kosa kubwa kuliko la kutusaidia kidogo. Imemgeuza askari kuwa jitu lisiloweza kufa, ilhali sanamu iliwekwa kwa ajili ya watu waliokufa.

Ya tatu ndiyo iliyoleta maneno. Alisimama ng'ambo ya njia, akaishusha kamera mpaka ikawa sawa na maandishi. Ukingo wa juu wa picha umemkata askari magotini, hata twaona viatu vyake tu na sehemu ya miguu. Katikati yako maandishi. Na mbele ya maandishi apita mchukuzi, gunia begani, shingo imeinama upande mmoja, miguuni amevaa katambuga. Hatazami sanamu wala kamera. Atazama mahali pa kukanyaga, kama afanyavyo kila mtu mwenye mzigo.

Mzee mmoja wa baraza letu alikasirika. "Huyu amemkata askari kichwa," alisema. "Babu yangu alikuwa askari. Amemkosea nini?" Nasi twakiri kwamba mwanzoni tulikuwa upande wake, maana siku zote tumefundisha kwamba picha njema haimkati mtu kichwa. Lakini mama mmoja aliyekuwa karibu akichambua maharagwe alisema bila kuinua uso: "Wapagazi walikatwa wote, baba, wala hatukusikia mtu akigombana." Tukanyamaza.

Neno la mama huyo ni kweli, na msomaji akitaka kulipima aifikirie vita yenyewe. Kwa nini jeshi lilihitaji miguu na mikono ya watu? Sisi wa Katavi twajua sababu kuliko wengi, kwa kuwa twaishi na mbung'o. Farasi, punda na ng'ombe walioletwa kuvuta mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Barabara za magari zilikuwa chache sana. Reli ilipita mahali pamoja na kuacha pengine. Basi risasi, unga, mahema na hata vipande vya mizinga vilibebwa vichwani na mabegani. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza na wenzao watu karibu 1,000,000 walitwaliwa kwa kazi hiyo, na kwamba waliokufa walipata 95,000 au kuzidi. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa malaria, kwa kuhara damu, kwa chakula kibaya na kwa kuchoka. Wadachi nao walitwaa wapagazi wao, na vijiji vilivyobaki bila wanaume wa kulima vilipata njaa. Vita hiyo haikuwa mbali nasi. Mwezi wa Juni 1916 Waingereza waliishika Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg wakati huo. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Na mwisho wake ulikuwa Mbala, iliyoitwa Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck alipotoa silaha zake.

Liko na jambo la pili ambalo picha ya desturi haiwezi kulisema. Askari wa shaba alisimamishwa na Waingereza kwa heshima ya waliopigana upande wao. Lakini askari wengi wa nchi hii walipigana upande wa Wadachi, na huenda babu yake yule mzee wetu alikuwa mmoja wao. Picha ya askari mzima humwambia mtazamaji, "Huyu alishinda." Mpagazi hakushinda upande wo wote. Bwana alipobadilika, mzigo ulibaki ule ule. Kwa hiyo mchukuzi wa picha ya tatu asimama mahali pa watu wa pande zote mbili, na shaba iliyo juu haiwezi kufanya hivyo.

Stevenson huyo huyo alizichonga pia sanamu za Nairobi, zilizofunuliwa mwaka 1928 katika njia iitwayo leo Kenyatta. Pale wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mpiga picha wa Nairobi akisimama mbele, kama watu wote wasimamavyo, atampata mpagazi bila taabu. Wa Dar es Salaam, askari akiwa peke yake juu, hana budi kumtafuta kwa kubadili mahali pa kusimama. Ndiyo maana twasema kwamba picha ya tatu si mchezo wa kamera kama ya pili. Zote mbili zimeacha njia ya desturi, lakini ya pili iliiacha ili ishangaze, na ya tatu iliiacha kwa sababu kitu kilichotafutwa hakikuonekana pale desturi inaposimama. Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka vijana wetu waishike, ikiwa wanapiga picha, wanaandika au wanahubiri.

Wala hatusemi kwamba picha hiyo haina ila. Mzee wetu alikuwa na haki katika jambo moja: askari naye alikuwa mtoto wa maskini, naye alikufa, na kumkata ili mwingine aonekane ni kumlipa mmoja kwa mali ya mwingine. Kama kijana angerudi nyuma hatua kumi, labda angewapata wote watatu, askari, maandishi na mchukuzi, wala hoja yake isingepungua. Ila ya pili ni kubwa zaidi. Tulimwuliza kama alimwomba mchukuzi ruhusa. Akasema hakumwomba, alibonyeza simu, yule akapita. Tukamwuliza jina lake. Hakulijua. Hapo tulimwambia kwamba amerudia kosa lile lile alilotaka kulionyesha, maana wapagazi wa vita nao walitumiwa bila kuombwa, wakapita bila majina. Mji wote husema Kariakoo kila siku, na wachache hukumbuka kwamba neno hilo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Basi hukumu yetu ni hii. Picha ya pili tumemrudishia. Ya kwanza na ya tatu tumezitundika pamoja ukutani shuleni, ili mtoto akimwona askari mwenye kichwa, jicho lake lishuke kwa jirani yake mwenye gunia. Kijana amekubali kurudi mahali pale, kumtafuta mchukuzi, kumpa picha yake na kumwuliza kama aridhia ibaki ukutani kwetu. Akikataa, tutaiondoa.

Nasi waalimu tumejipa kazi. Tumefungua daftari, na kila Jumapili baada ya misa twawauliza wazee majina ya watu wa vijiji vyetu waliokwenda vitani, na mizigo waliyobeba, na mahali walipoonekana mara ya mwisho. Hata sasa tuna majina saba. Matano ni ya wapagazi. Msomaji aliye na jina asilopenda lipotee na atuletee.