Jerusalema: Tamaa Yenye Sababu na Tamaa Yenye Pasipoti

Tumeirudia filamu ya Jerusalema (2008) ya Ralph Ziman. Lucky Kunene, kijana wa Soweto, anapata nafasi ya chuo kikuu, anakosa ada. Mwishowe anateka maghorofa ya Hillbrow kwa kukusanya kodi ambayo mwenye nyumba haioni. Hesabu hiyo imepangwa vizuri, na sisi tuliosomeshwa kwa michango ya watu tunamwelewa.

Kasoro iko kwenye unga. Uraibu unaoteketeza mtaa anabebeshwa Mnigeria. Lucky anatokea kuwa msafishaji. Mei mwaka huohuo vurugu zilianzia Alexandra, wageni wakauawa. Sisi tunaoishi Johannesburg na lafudhi zetu tunauliza: mbona tamaa ya Lucky imepewa sababu, ya mgeni imepewa pasipoti tu?