Anza na Barua za Elisabeth

Nilianza vibaya. Nilianza na Immanuel Kant, kitabu chake kikubwa cha 1781 kuhusu mipaka ya akili. Baada ya kurasa ishirini nilikifunga. Kwa miaka miwili jina lake likitajwa nilitikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimekisoma chote.

Kilichonirudisha kwenye falsafa ni barua. Mwaka 1641 René Descartes alichapisha tafakuri zake sita. Humo anatilia shaka kila kitu hadi anabaki na jambo moja: kwamba yeye mwenye shaka yupo. Kutoka hapo anaitenga nafsi inayofikiri na mwili unaochukua nafasi. Mei 1643 Elisabeth wa Bohemia, binti wa mfalme aliyepoteza kiti, akiwa uhamishoni The Hague na umri wa miaka 24, alimwandikia. Swali lake hata mtoto angeweza kuliuliza: ikiwa nafsi haina umbo wala haigusi kitu, inauendeshaje mwili?

Descartes anamsifu, kisha anakimbilia mfano wa uzito, ambao tunadhani hulivuta jiwe chini bila kuligusa. Elisabeth haridhiki. Anamjibu kwamba kwake ni rahisi zaidi kukubali kuwa nafsi nayo ina umbo. Mara ya pili Descartes anamwambia kwamba muungano wa nafsi na mwili huonekana vyema katika maisha ya kila siku kuliko katika tafakuri. Kuna ukweli hapo. Mwenye njaa hahitaji hoja ili ajue ana mwili. Lakini hilo si jibu. Aliyetufundisha kushuku kila kitu sasa anatuomba tupumzike kidogo.

Ndiyo maana simshauri anayeanza atafute muhtasari wa falsafa ya Magharibi. Muhtasari humpa msimamo wa Descartes na kumficha Elisabeth. Soma tafakuri mbili za kwanza na ile ya sita, halafu barua za 1643. Kila unapokwama, andika pembeni lile swali unaloona aibu kuliuliza. Descartes mwenyewe alikitoa kitabu chake kikiwa na pingamizi za wasomaji, Thomas Hobbes akiwa mmoja wao.

Kant nimemrudia. Bado ni mgumu. Ila siku hizi jina lake likitajwa, nasema nimekwama ukurasa gani.