Uongozi wa Msafara katika Baldur's Gate

Mchezo wa kompyuta si kitu cha kudharauliwa na mhakiki wa fasihi, maana ndani yake mna visa, wahusika na mazungumzo. Baldur's Gate, uliotengenezwa na kampuni ya BioWare ya Kanada na kutolewa mwaka 1998, ni mfano mzuri. Mchezaji huongoza msafara wa watu wasiozidi 6, naye akiwa mmoja wao, katika nchi ya kubuni yenye uchawi, mazimwi na vita.

Ushauri anaopewa kiongozi huyo kwa kawaida ni ushauri wa nguvu. Wenye deraya wawekwe mbele, wenye pinde na wachawi wakae nyuma. Vita vikipamba moto, mchezo usimamishwe, amri zitolewe, kisha uendelee. Mchawi mchanga, ambaye mwanzoni huweza kutumia uchawi wake mara chache tu kabla ya kupumzika, asiupoteze kwa adui dhaifu. Ushauri huu ni sahihi, lakini humtazama mtu kama silaha.

Ubora wa kazi hii ni kwamba watu wake wana tabia. Sifa ya msafara hupimwa kutoka 1 hadi 20. Ikishuka mno kwa dhuluma, wema hunung'unika na mwisho huondoka. Ikipanda mno kwa hisani, waovu nao hufanya vivyo hivyo. Penye msafara wa mamba na kenge hawakosi, lakini hapa kiongozi hawezi kuwaridhisha wote siku zote. Minsc hujiunga ili Dynaheir aokolewe. Kiongozi akikawia mno, rafiki hugeuka adui.

Dosari ipo kwa Jaheira na Khalid, mke na mume. Ukimwachisha mmoja, wa pili humfuata. Khalid ana kigugumizi, tena ni mwepesi wa kuogopa. Kwa hiyo wachezaji wamebuni hila. Hupelekwa mbele afe, kisha huondolewa msafarani akiwa maiti, na Jaheira hubaki akimtii yule yule aliyemtuma mumewe mautini. Kumbe kumwachisha mume ni kosa lisilovumilika, bali kumponza kwa makusudi si kosa! Mtunzi aliyehesabu uaminifu wa ndoa kwa uangalifu hakuuhesabu usaliti.

Kwa sababu hiyo namshauri mchezaji awachukue wote wawili. Jaheira, apiganaye na kuponya, asimame mbele. Khalid apewe upinde, akae nyuma ya mkewe. Mishale yake itafaa, na woga wake hautaleta hasara kubwa. Sheria za mchezo hazimshurutishi kiongozi kufanya hivyo. Ndiyo maana akifanya, tabia inayoonekana ni yake mwenyewe.