Baloji anatafuta lupango namba 137

Wenzangu wa promosio, nikisema "Kaniama" najua munafikiri nini. Munafikiri treni, munafikiri mahindi, munafikiri ma-kuluna ambao Serikali inawatoa Kinshasa na kuwapeleka Kaniama-Kasese kwenye Service national walime na wajifunze kazi. Kwetu Haut-Lomami Kaniama ni teritware, ni njia ya reli kutoka hapa Kamina kwenda Mwene-Ditu. Mimi kama agronome jina hili nalisikia kwa tani za mahindi.

Lakini kuko albamu ya mwaka 2018 inaitwa "137 Avenue Kaniama", na hakuna mahindi ndani. Kaniama ile ni barabara ya Lubumbashi, na 137 ni namba ya lupango alikoishi mama yake mwimbaji. Mwimbaji mwenyewe ni Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyekomalia Ubelgiji. Watu wakimuandika wanapenda kusema juu ya rangi, nguo za ajabu, maski, "Afrika ya kesho". Sawa, hayo yote iko. Ila mimi naona tukibaki pale tunapitwa na kazi yenyewe. Toka 2007 mpaka leo mutu huyu anafanya kitu kimoja tu: anatafuta namna ya kuongea na mama yake. Na kila hatua anayosogea, lugha yake inabadilika. Njo hiyo lugha nataka tuiangalie, juu inatugusa sisi pia.

Kwa wasiomjua: Baloji Tshiani alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Alikuwa bado mtoto mdogo sana, baba yake akamchukua kwenda Ubelgiji, mama akabaki. Akakua kule, Ostende kisha Liège, akaingia kwenye rap na kundi Starflam (geuzeni herufi, mutapata Malfrats). Kundi likavuma sana Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 2000. Halafu akatoka, akawa karibu ya kuacha muziki. Kilichomrudisha ni barua. Mama yake, baada ya miaka zaidi ya 20 bila habari, alimuandikia. Albamu yake ya kwanza peke yake, "Hotel Impala" ya 2007, ni jibu la barua ile. Mama anaandika ukurasa moja, mtoto anajibu na albamu nzima. Tayari pale munaona shida: mtoto anaongea sana, na anaongea Kifaransa.

Jina nalo. Kwa Swahili yetu ya Katanga hakuna haja ya kueleza: muloji, baloji, buloji. Mtoto kuitwa "wachawi", kwa wingi, si mzaha. Yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba zamani neno lilikuwa na maana ya mtu mwenye elimu, mwenye kujua dawa na siri za vitu, na kwamba ni wakati wa wakoloni na wamisionari ndipo liligeuka kuwa tusi. Mimi si mtu wa isimu, siwezi kuhukumu. Lakini najua kwamba kwetu, mwenye kujua kitu ambacho wengine hawajui bado anaangaliwa kwa jicho la namna hiyo. Uliza mwenye licence yeyote aliyerudia kijijini na mfuko wa mbolea, mavuno yake yakapita ya jirani.

Turudi kwa muziki. Kisha "Hotel Impala" alikwenda Kinshasa, akarekodi kwa siku chache na watu wa kule: Konono N°1 na likembe zao za umeme, kwaya, wapiga gitaa. Matokeo ni "Kinshasa Succursale", ambayo Crammed Discs ya Bruxelles iliitoa kwa dunia mwaka 2011. Ni albamu nzuri ya kuchezea. "Karibu ya Bintou" na Konono ingali na nguvu mpaka leo. Na kuko "Le jour d'après / Siku ya Baadaye", ambamo alichukua "Indépendance Cha Cha" ya Grand Kallé, wimbo wa 1960 ambao kila Mukongomani anaujua hata kama hajaenda masomo, akauweka maneno mapya ya miaka 50 kisha uhuru. Kuchukua wimbo ule ni hatari, sawa kupanda mbegu yako kwenye shamba la mzee bila kumuomba. Aliweza, juu hakuchekea wimbo wala hakuupigia magoti.

Sasa angalieni majina: "Karibu", "Siku ya Baadaye". Swahili iko kwenye mlango, ukiingia ndani ya nyumba ni Kifaransa. Hii njo lawama yangu kubwa kwa Baloji wa miaka ile. Swahili inatumika kama kitenge kwenye dirisha. Mutu wa Katanga anakwenda kutafuta kwao, anafikia Kinshasa, anaongea Kifaransa, na lugha ya mama anaiacha kwa kichwa cha wimbo. Mutaniambia: ni rapeur, anaandika kwa lugha anayoimudu. Ni kweli, na Kifaransa chake ni cha kiwango cha juu sana, maneno yana sakafu mbili tatu. Lakini Katanga ilikuwa na njia nyingine. Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey pale Jadotville, Likasi ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliimba Swahili ya watu wa makambi na treni, na gitaa yake ikafika mpaka Nairobi. Hakuona Swahili ni ndogo. Simwambii Baloji aimbe kama Mwenda, hapana. Nasema tu kwamba mtu mwenye urithi wa namna ile, kuutumia kwa kichwa cha habari tu ni kula mbegu.

"137 Avenue Kaniama" ilitoka kwa Bella Union, label ya Uingereza. Ni ndefu, ina nyimbo zinazogeuka katikati na kuwa nyimbo zingine, gitaa ya kwetu inaingia kwenye disko, inatoka kwenye kitu cha giza. Kuko "Glossine (Zombie)". Sisi wa agro glossine tunaijua, ni ndorobo, anayeleta malale. Kumchukua ndorobo kusema juu ya watu wanaotembea wamelala ni wazo ambalo ningependa kulipata mimi. Kuko "Tanganyika", kuko "Soleil de Volt". Nyimbo za kucheza ni nyingi na ni nzuri, ila mbili tatu zinapita bila kuacha alama.

Kinachobeba albamu, kwangu, ni "La dernière pluie / Inconnu à cette adresse". Jina la pili ni yale maandishi ambayo posta inaweka juu ya barua inayorudi: hajulikani kwenye anwani hii. Barua ya mama ilifika Ubelgiji. Mtoto alikuja Lubumbashi na albamu yake mkononi, na ameeleza mwenyewe kwenye mahojiano kwamba kukutana kule hakukuwa kama alivyoota. Yeye alileta muziki. Upande wa pili kulikuwa na maisha ya mama wa Lubumbashi, na haja zake. Wimbo huu unachukua muda wake, hauna haraka, hauombi huruma. Hapa Baloji anaacha kuonyesha kwamba anajua maneno. Sauti inashuka, unasikia mtu amesimama mbele ya lupango, namba ni yenyewe, mlango ni wenyewe, na hajui aseme nini.

Hapa wengi wetu tuko ndani. Siongelei Ulaya. Naongelea kutoka Kamina kwenda kusoma Lubumbashi, miaka mitano, kurudi na diploma. Nyumbani wamelipa minerval, wameuza mbuzi. Swali la mlangoni ni moja: umetuletea nini? Na wewe umeleta mémoire yenye kurasa 60 juu ya muhogo. Swali si baya, na si la tamaa. Ni la haki. Baloji hakumgeuza mama kuwa mtu mwenye kupenda pesa, na hakujigeuza yeye kuwa mtakatifu. Amewaacha wote wawili wamesimama pale.

Filme fupi zilizofuata napita haraka. "Zombies" ya 2019, iliyopigwa Kinshasa, ilipata zawadi kubwa kwenye festivali ya Oberhausen, Ujerumani. Ni picha za kukutoa macho: saluni, boîte ya usiku, simu kila mkono, nguo za takataka. Niliipenda kwa macho. Kwa moyo haikuniingia, kwa sababu hakuna mtu mmoja ndani yake ninayeweza kumuita kwa jina. Kila mtu ni vazi. Pale Baloji anapokosa anwani, anabaki na rangi.

Kisha ikaja "Augure", filme yake ndefu ya kwanza, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2023 kwenye sehemu ya Un Certain Regard, ikapata zawadi ya sauti mpya. Ubelgiji ikaichagua iwakilishe inchi kwa Oscar. Mwaka uliofuata Cannes ikamuita aongoze, pamoja na Emmanuelle Béart, jury ya Caméra d'Or. Yaani mutu wa jina Baloji anachagua filme ya kwanza bora ya dunia. Bazee bangecheka.

Hadithi: Koffi (Marc Zinga), mtoto aliyefukuzwa sababu walimuona ana alama ya shetani, zabolo, anarudi toka Ubelgiji na mwanamke wake mzungu mwenye mimba. Anataka kumaliza mambo na wazazi, kuleta mahari. Kabla ya safari anajifundisha Swahili. Munaona? Ile Swahili ya mlangoni, sasa mutu amekaa chini anaisoma kama mtoto wa primaire, anakosea. Nyumbani, damu inamtoka puani juu ya mtoto mchanga wa dada yake, na basi, imekwisha. Familia nzima inarudi pale pale: muloji.

Ile sehemu ya damu inapita haraka, na hakuna muziki wa kutisha. Shangazi, wajomba, pasta, kila mmoja anajua kazi yake. Ni ile haraka yenyewe inayoogopesha. Sheria tunayo: Katiba ya 2006, kipengele cha 41, inakataza kumshtaki mtoto buloji, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaweka kifungo. Lakini filme inaonyesha kitu ambacho sheria haikioni: mtoto aliyeshtakiwa anakua, anapata kazi, anapata mke, anarudi na zawadi, na bado yuko pale pale aliposhtakiwa.

Filme ina watu wanne: Koffi, Paco mtoto wa barabara, Tshala dada, na Mama Mujila. Wanne ni wengi. Genge la Paco na nguo zao za rose ni picha nzuri ila linaiba muda, na Tshala (Eliane Umuhire) alistahili kupewa nafasi zaidi, juu yeye njo mwenye akili ya kusema ukweli kwa pande zote mbili. Kuna dakika unajisikia uko kwenye clip tena. Lawama hii siitoi.

Ila angalieni alichofanya na muziki. Hakutoa bande originale ya kawaida. Alitengeneza albamu nne, kila moja kwa macho ya mmoja wa wale wanne. Mwaka 2007 mtoto anamjibu mama. Mwaka 2018 mtoto anasimama mlangoni. Mwaka 2023 mtoto anakaa mahali pa mama, anajaribu kusikia kile alichosikia yeye wakati mtoto anaondoka. Mama Mujila kwenye filme anaanza kama mwamba: hamkumbatii mtoto wake, hamtetei. Mwishoni tunajua kwamba na yeye aliwahi kuonyeshwa kidole. Baloji angeweza kufanya filme ya kisasi, na sisi watazamaji tungepiga mikono. Amechukua njia ya mzunguko, ngumu kwa mtu ambaye alibebwa toka mikononi mwa mama yake.

Mutasema: Baloji hajui sisi tuko. Hajaimba Kamina, filme kwetu inapita kwa simu na kwa flash, na mega ni bei. Kweli. Lakini katika "Augure" Swahili haiko tena kwa kichwa cha habari. Watu wanagombana nayo, wanaomba nayo, wanakatazana nayo. Wazungu wa Cannes walisoma maandishi ya chini, sisi tulisikia.

Mwenye mega kidogo aanze na "Inconnu à cette adresse", usiku, na ecouteurs. Filme aiweke siku mama yupo nyumbani, na pale wanapoongea Swahili asimtafsirie.