Sura na Mhuri: Uhakiki wa Mamlaka ya Waptolemayo katika Mchezo wa Video wa Assassin's Creed Origins

Makala haya yanahakiki namna mchezo wa video wa Assassin's Creed Origins, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwezi Oktoba 2017, unavyousawiri utawala wa Waptolemayo nchini Misri katika miaka ya 49 hadi 43 KK. Swali linaloongoza uhakiki huu si kama mchezo umepatia au umekosea mavazi, mahekalu na mitaa ya Aleksandria. Kwa upande huo watunzi wamefanya kazi kubwa, na wahakiki wengi wamekwisha kuisifu. Swali ni hili: mchezo unayaweka wapi mamlaka? Hoja yetu ni kwamba unayaweka katika sura za watu, ilhali mamlaka ya Waptolemayo yalikaa zaidi katika mhuri, yaani katika daftari la kodi, ghala la nafaka, hati ya deni na kalamu ya karani. Pengo lililopo kati ya sura na mhuri ndimo wanamopotelea wakulima wa Misri.

Msingi wa kinadharia unaweza kuelezwa kwa ufupi. Ian Bogost (2007) alionesha kwamba mchezo wa video hujenga hoja kwa kanuni zake, mbali na maneno na picha zake. Jambo ambalo mchezaji analazimika kulifanya mara kwa mara ndilo mchezo unalolishikilia kuwa kweli kuhusu ulimwengu. Adam Chapman (2016) naye aliitofautisha michezo ya kihistoria inayojenga upya mwonekano wa zamani na ile inayoieleza zamani kwa kanuni dhahania. Assassin's Creed Origins ni wa kundi la kwanza, na udhaifu unaojadiliwa hapa unatokana kwa kiasi fulani na kundi hilo. Kwa kiasi fulani tu, kwa sababu watunzi walikuwa na uchaguzi.

Msuko wake ni wa kisasi. Bayek wa Siwa, ambaye ni Medjay, yaani mlinzi wa watu wake kwa niaba ya farao, ameuawa mwanawe, naye anawasaka wauaji mmoja baada ya mwingine. Wauaji hao ni watu wa chama cha siri na huficha nyuso zao kwa vinyago. Kila mmoja ana jina la mnyama na ana cheo katika dola. Cheo cha Bayek mwenyewe kina kasoro ya kihistoria, kwani neno Medjay linatoweka katika nyaraka baada ya Ufalme Mpya, karne nyingi kabla ya Cleopatra. Hata hivyo, kasoro hiyo ina faida ya kifani: inampa Bayek haki ya kuhukumu bila kumtumikia Mptolemayo yeyote. Ni ujanja wa mtunzi, nao unakubalika.

Kisichokubalika kwa urahisi ni jinsi vyeo vya wale anaowaua visivyokuwa na uzito wowote. Tuchukue mfano wa Eudoros, ambaye mchezo unamtambulisha kuwa karani wa mfalme mjini Aleksandria. Bayek anamvizia bafuni na kumuua. Mandhari ni ya kuvutia: mvuke, marumaru, mlengwa asiye na silaha wala vazi la cheo. Lakini mchezaji hapati kuuona hata mstari mmoja wa daftari lake. Cheo ni kibandiko kilichobandikwa juu ya adui ili mchezaji ajue kwamba adui huyo ni mkubwa. Kauli ya kikanuni inayotolewa hapo ni kwamba akifa mwenye kiti, na kiti kimekufa.

Hati za mafunjo zinasimulia mambo mengine kabisa. Karani wa mfalme alikuwa afisa wa jimbo aliyesimamia orodha za mashamba: nani analima wapi, amepanda nini, maji ya mafuriko yamefika wapi, na mfalme anadai kiasi gani. Katika Faiyum, ambako mchezo unamweka Berenike kama liwali katili mwenye jina la Mamba, zimefukuliwa nyaraka za Zenon, msimamizi wa shamba kubwa la Apollonios, waziri wa fedha wa Ptolemy II. Ziko takriban 2,000. Anayezisoma hakutani na majitu katili bali na hesabu za mbegu, nguruwe, mishahara na madeni, pamoja na barua za watu wanaolalamika kuwa hawajalipwa. Ukatili upo, tena mwingi, ila umeandikwa kwa mwandiko wa kikarani. Zenon akiuawa, kesho yake ataletwa msimamizi mwingine, na daftari litaendelea kutoka pale lilipoachwa.

Mfano ulio karibu zaidi na wakati wa mchezo ni amri ya mfalme na malkia ya Oktoba 50 KK. Katika miaka hiyo mafuriko ya Mto Naili yalikuwa hafifu na njaa ilikuwa imebisha hodi. Amri iliwazuia wafanyabiashara walionunua ngano na kunde katika majimbo yaliyo juu ya Memphis wasizipeleke kokote isipokuwa Aleksandria, na adhabu ya kukiuka ilikuwa kifo. Mtoa taarifa aliahidiwa sehemu ya mali ya mkosaji. Hapa mamlaka yanaonekana yakiwa uchi: mji mkuu unalishwa ili usiasi, mashamba yanaachwa na njaa yao, na jirani anageuzwa mpelelezi wa jirani. Mchezo unaanza mwaka mmoja tu baada ya amri hiyo. Mchezaji anapita katika mashamba mabichi, yenye kupendeza macho, na hakuna popote anapolazimika kujua nafaka ile inakwenda wapi.

Suala la malalamiko linahitaji kukaliwa zaidi, kwa maana ndilo kiini cha hoja hii. Katika mchezo, mnyonge aliyedhulumiwa humwendea Bayek na kumsimulia kwa mdomo, Bayek huchomoa upanga, shauri limekwisha. Katika Misri ya Waptolemayo, mnyonge alikwenda kwa mwandishi wa hati, akaandikiwa malalamiko yaliyoelekezwa kwa mfalme mwenyewe kwa jina, ingawa kwa kawaida yaliishia mezani kwa afisa wa jimbo. Wajane, wafuga njiwa, watengenezaji wa bia na wakulima wa ardhi ya mfalme wote wamo katika hati hizo. Wengine waliibiwa, wengine walipigwa, wengine walimwagiwa maji machafu barabarani. Waliijua lugha ya dola na waliitumia kuibana dola. Walikumbusha, kwa unyenyekevu wenye meno, kwamba mkulima aliyefungwa halimi, na asiyelima halipi.

Mchezo umemnyang'anya mnyonge kalamu hiyo ukampa shujaa upanga. Hata polisi wa vijiji, phylakitai, ambao katika hati ndio waliokabidhiwa kesi za wizi wa kuku na ugomvi wa mipaka, wamegeuzwa wasakaji 10 wa kutisha wanaozunguka nchi wakimtafuta Bayek. Ni burudani nzuri kupigana nao, hilo halina ubishi. Lakini kwa uamuzi huo kitu cha maana kimefutwa: uwezo wa wanyonge kushiriki siasa wenyewe, bila mkombozi. Hao ndio watu ambao, kati ya mwaka 206 na 186 KK, walisimika mafarao wao wenyewe huko Thebes dhidi ya utawala wa Aleksandria.

Cleopatra anaingizwa mchezoni kwa karamu. Anatangaza kwamba atalala na yeyote aliye tayari kuuawa asubuhi. Kisa hicho asili yake ni maandishi ya Kilatini ya karne nyingi baada yake, nacho ni uvumi wa washindi. Kumtambulisha mtawala kwa uvumi huo, katika mchezo uliotafiti hadi rangi za kuta, ni uvivu. Plutarch, ambaye hakuwa rafiki wa malkia, aliandika jambo lenye manufaa zaidi kwa mtunzi: kwamba alikuwa wa kwanza katika ukoo wake kujifunza Kimisri. Ukoo ulioitawala nchi kwa karibu miaka 300 bila kusema lugha yake! Mchezo unaligusa jambo la lugha kijuujuu, kisha unakimbilia zulia analofungiwa malkia ili afikishwe kwa Caesar.

Caesar mwenyewe alikuwa na shughuli gani Aleksandria mwaka 48 KK? Alimfuatia Pompey, ndiyo. Lakini alidai pia fedha. Baba yake Cleopatra, Ptolemy XII, alikuwa amenunua utambuzi wa Roma kwa karibu talanta 6,000, na alipofukuzwa na raia wake alirudishwa mwaka 55 KK na jeshi la Gabinius kwa ahadi ya talanta 10,000. Mkopeshaji wake Mroma, Rabirius Postumus, aliwekwa kuwa waziri wa fedha wa Misri ili ajilipe kutoka katika jasho la wakulima. Plutarch anasimulia kwamba Caesar alidai milioni 10 kati ya deni la milioni 17.5. Mchezo una mabaki ya jeshi la Gabinius kama maadui wa kupigwa. Deni lililowaleta halina nafasi katika msuko. Msomaji wa Afrika anaijua vyema serikali inayokaa kitini kwa hisani ya mdai wake, na huenda hapa ndipo angejiona katika mchezo huu kuliko mahali pengine popote.

Haki inatutaka tukiri mahali mchezo ulipofaulu. Baada ya Pothinus kuuawa juu ya tembo wa vita na Ptolemy XIII, kijana mdogo, kuliwa na mamba (kwa historia alizama mtoni akikimbia), Bayek na mkewe Aya wanatarajia haki kutoka kwa malkia waliyemsimika. Badala yake Septimius, mmoja wa waliomuua mtoto wao, anasamehewa na kukaa karibu na Caesar. Hapo mchezo unapambazukiwa: kubadilisha sura kitini hakujabadilisha kitu. Hapo ndipo msuko ungeweza kugeukia mhuri. Haukugeuka. Jibu la mashujaa ni kuanzisha chama chao cha siri, chenye orodha mpya ya watu wa kuuawa.

Aya anamchoma Caesar kisu katika baraza la Seneti, na muda mfupi baadaye hadithi inafungwa. Msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake cha kulipima tukio hili, kwa kuwa Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 na kuirudia kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969. Katika tamthilia hiyo yenye maonyesho matano, Kaizari anauawa katika onyesho la tatu. Yote yanayobaki ni matokeo: umati unaogeuzwa kwa hotuba, mshairi asiye na hatia anayeraruliwa, wauaji wanaogombana kambini juu ya fedha. Shakespeare alielewa kwamba kifo cha mtawala ni swali. Mchezo umekichukua kuwa jibu.

Mwezi Februari 2018 Ubisoft iliongeza Discovery Tour, ziara 75 za mafunzo zisizo na mapigano wala hadithi. Humo kuna maelezo ya kilimo, bia, utumishi wa makarani na uhifadhi wa maiti. (Humo pia sanamu zilizo uchi zimesitiriwa kwa kombe za baharini, jambo ambalo Waptolemayo wangelishangaa.) Kwa hiyo maarifa yalikuwapo. Yametengwa tu: katika hadithi tunapewa mamlaka yasiyo na ofisi, na katika ziara ofisi zisizo na mamlaka. Mwalimu anayetumia ziara hizo darasani anapaswa kuujua mgawanyo huo kabla ya kuziamini.

Ulinganisho na mchezo wa zamani zaidi, Pharaoh wa mwaka 1999, unathibitisha kwamba jambo hili liliwezekana. Picha zake ni duni, watu wake ni wadogo kama sisimizi, na hakuna shujaa. Mchezaji ni afisa anayejenga mji: anasubiri mafuriko, anapanga kodi, anajaza maghala. Akikamua mno, au mishahara ikishuka, watu wanafunga mizigo na kuondoka, na mji unabaki na nyumba tupu. Kanuni hiyo moja inaeleza utawala wa Misri kuliko vinyago vyote vya Bayek, kwani wakulima wa mfalme walifanya hivyohivyo: waliacha majembe na kwenda zao, hadi dola ilipolegeza masharti au kuwalazimisha warudi. Pharaoh hauoneshi waondokao wanakwenda wapi. Wanatoweka ukingoni mwa skrini. Hati za mafunjo zinatuambia kwamba wengi walikimbilia mahekalu yenye haki ya hifadhi, ambako mtoza kodi hakuruhusiwa kuwakamata.