Papa Mzima au Hakuna Papa

Sayari ya Wa-Tor haina nchi kavu. A. K. Dewdney aliwatambulisha wasomaji wa Scientific American kwenye sayari hiyo Desemba 1984: bahari tupu iliyogawanywa miraba, samaki na papa ndani yake, na kompyuta inayowapa zamu. Samaki huhamia mraba jirani ulio wazi. Akitimiza umri wa kuzaa, huacha mtoto pale alipotoka. Papa hutafuta samaki wa jirani amle. Akipitisha zamu kadhaa bila riziki, hufa. Sheria karibu zote ndizo hizo.

Ukiiacha programu iende, samaki hujaa, papa huongezeka nyuma yao, samaki huadimika, papa hufa njaa, samaki hurudi. Hakuna mstari ulioamuru mzunguko huo. Ndiyo sababu naiheshimu kazi hii ya kuiga viumbe kwa kompyuta: fundi wake huandika tabia ya mmoja, kisha hukaa kando kutazama yatakayowapata wote.

Mzunguko wenyewe ulijulikana zamani. Umberto D'Ancona, mwanabiolojia wa Italia, aliona katika takwimu za masoko ya samaki ya Trieste, Fiume na Venice kwamba vita vya 1914–1918 vilipopunguza uvuvi, fungu la papa na mbuai wengine liliongezeka. Swali akalipeleka kwa mkwewe, mwanahisabati Vito Volterra, aliyelijibu kwa milinganyo mwaka 1926. Alfred Lotka, huko Marekani, alikwisha kuifikia.

Milinganyo hiyo inapendeza, ila haijui kuua: idadi hupungua hadi kipande cha mnyama, isifike sifuri. Mwaka 1991 Denis Mollison aliuchambua mwigo wa milinganyo ya aina hiyo, wa kichaa cha mbwa miongoni mwa mbweha wa Uingereza, akaonyesha kwamba wimbi la pili la ugonjwa lilichipuka kutokana na mbweha mgonjwa mmoja kwa kila kilomita za mraba bilioni moja mara bilioni moja. Dunia nzima, bahari zikiwemo, ina takriban milioni 510. Katika Wa-Tor papa ni mzima au hayupo. Wa mwisho akifa, habari imekwisha.

Lakini kuhesabu viumbe wazima kunadai mkono mwangalifu. Tuseme kompyuta inapitia miraba kutoka kushoto kwenda kulia. Samaki aliyekwisha kuhamia kulia atakutwa tena, apewe zamu ya pili, pengine ya tatu. Bahari nzima itavutwa upande mmoja, na asiye makini ataandika ripoti ndefu kuhusu mkondo usiokuwepo. Fundi hodari huchanganya mpangilio wa viumbe kila zamu kwa namba za nasibu, na huhifadhi mbegu ya namba hizo, yaani namba inayozianzisha, ili maangamizi ya jana ayarudie leo, papa kwa papa. (Bahati yenye kumbukumbu: mvuvi gani asingeitamani?)

Maangamizi hayo si ya kompyuta tu. Mwaka 1958 Carl Huffaker wa California alichapisha majaribio ya utitiri wa aina mbili, mmoja akila machungwa, mwingine akimla huyo. Katika mipangilio midogo, mbuai alimaliza windo lake kisha akafa njaa. Huffaker alipotandaza machungwa 252 na kuyatenganisha kwa vizuizi vya vaselini, windo likapata pa kukimbilia, na mizunguko mitatu ikatimia kabla ya mwisho. Fundi wa leo huongeza matumbawe katika Wa-Tor yake, miraba ambayo papa hawezi kuingia, akahesabu mizunguko. Halafu huanza upya kwa mbegu nyingine, na nyingine tena, kwa kuwa bahari moja iliyosalimika huenda ilisalimika kwa bahati tu.